Malalamiko ya hakimiliki yasomwe kabla ya kutekelezwa

Tarehe 23 Oktoba 2020, RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, kiliiandikia GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, kikitaka youtube-dl iondolewe. Ni programu huria ya kupakua video. GitHub ikaufunga mradi pamoja na nakala zake. Barua ilikuwa na pa kushika: kwenye majaribio ya programu, yaani msimbo wa kuipima kama inafanya kazi, mlikuwa na viungo vya nyimbo za Taylor Swift na Justin Timberlake. Ila majaribio yenyewe yalivuta sekunde chache tu za wimbo.

Mimi kinachonikera ni aina ya dai. DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 ya hakimiliki mtandaoni, ina njia inayoeleweka. Mwenye haki anataja kazi yake iliyonakiliwa, tovuti inaiondoa, aliyelalamikiwa anapinga kwa maandishi, na mlalamikaji asipokwenda mahakamani, kazi inarudi baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. RIAA hawakudai msimbo wao umeibwa. Walidai programu inavunja kufuli la YouTube, yaani kifungu cha 1201 cha sheria hiyo, na hicho hakina utaratibu wa kupinga. Unafungiwa, basi.

Mradi ulirudi tarehe 16 Novemba, baada ya mawakili wa EFF, shirika la kutetea haki za kidijitali, kuutetea. GitHub ikatenga dola milioni 1 za kuwatetea watengenezaji programu, ikaahidi kwamba madai ya namna hiyo yatakaguliwa na wahandisi na wanasheria, na penye utata mtengenezaji ndiye atakayepewa nafasi. Vizuri, ingawa ahadi ilikuja mradi ukiwa umeshafungwa zaidi ya wiki tatu.

Sasa chukua tovuti inayoorodhesha miradi tu: jina, leseni, wachangiaji, kiungo. Faili linalolalamikiwa halimo humo. DMCA inagusa viungo pia, kwa hiyo kudharau barua ni ujinga, lakini kinachoondolewa kiwe kiungo cha faili lile. Ukurasa wa mradi na historia yake vibaki. Na barua ichapishwe, kama GitHub wanavyozichapisha zao hadharani. (Watundu waliupachika msimbo wa youtube-dl humo humo kwenye hifadhi ya barua hizo. Nilicheka sana.)

Barua isiyotaja faili, mwenye haki wala kifungu ningeirudisha kwa aliyeituma, na mradi ungebaki hewani hadi ajibu.