Milimita tatu za taya hazifanyi upasuaji uwe mdogo

Mtu wa Mbeya au Makambako akiambiwa taya lake "limepishana kidogo tu", moyoni hujijibu kwamba basi na upasuaji wenyewe utakuwa mdogo. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Kilicho kidogo ni pengo. Taya la chini likisogezwa milimita 3, hukatwa pande zote mbili kwa mkato uleule wa anayesogezwa milimita 10: nusukaputi, mfupa kupasuliwa kwa urefu huko nyuma kwenye magego, kisha kufungwa kwa vibao vya titani na skrubu. Ndani ya mfupa huo hupita mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu, nao haujui umekusudia milimita ngapi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mkali kidogo: kama unatafuna vizuri, usikatwe taya kwa ajili ya milimita chache.

Kutafuna vizuri kunapimika. Uma magego kama kawaida mbele ya kioo, kisha pitisha uzi kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Ukipita bila kugusa jino, na chapati unalazimika kuikata kwa meno ya pembeni, hilo ni tatizo la kweli. Vivyo hivyo meno ya chini yakichoma kaakaa hadi kuacha kidonda, au mtu akikoroma huku pumzi ikikatika usingizini. Meno ya juu kutangulia ya chini kwa milimita 2 hadi 4 ni kawaida ya binadamu. Taya kutoa mlio linapofunguka, au kuumwa karibu na sikio, si sababu ya kutosha, kwa kuwa upasuaji huu hauahidi kuponya kiungo cha taya. Wapo wanaopata nafuu na wapo wanaozidi kuumwa. Na picha ya simu iliyopigwa kwa urefu wa mkono isiwe shahidi wako, maana hukuza pua na kuharibu uwiano wa uso. Mwombe mtu akupige akiwa mita 2 mbali.

Jambo ambalo watu huchelewa kuambiwa ni la nyaya za meno. Taya likipishana, meno yenyewe huinama ili yakutane, yaani huficha kasoro. Daktari anayekuandaa kwa upasuaji huyanyoosha yasimame wima juu ya mfupa wake, kwa miezi 12 hadi 18, na katika muda huo pengo huonekana kubwa kuliko ulivyoanza. Anayetaka kukutibu bila kisu huyasukuma upande wa pili kabisa: huyainamisha zaidi, pengine baada ya kung'oa magego madogo mawili au manne. Njia hizi mbili hazianzi pamoja. Ukianza ya upasuaji ukaishia njiani kwa kukosa fedha, unabaki na mdomo mbaya kuliko wa mwanzo. Uamuzi ufanyike kabla waya wa kwanza haujabandikwa.

Na hapa umbali unaingia. Rufaa ikikupeleka hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Nyaya hukazwa kila wiki 4 hadi 8, kwa hiyo hesabu safari 7 hadi 20 hivi kabla ya kisu, na nyingine miezi 6 hadi 12 baada yake. Nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea viandike kwenye karatasi moja na gharama ya chumba cha upasuaji. Bima nayo ikupe jibu kwa maandishi.

Baada ya kukatwa, uvimbe hupanda siku 2 au 3 za mwanzo. Wiki 6 hivi ni za chakula laini: uji wa ulezi wenye maziwa, maharage yaliyochujwa, parachichi la Rungwe lililopondwa hadi lisiwe na donge. Muhindi wa kuchoma na makande visubiri kama miezi 3. Karibu kila mtu hupata ganzi ya mdomo wa chini. Kwa wengi hupungua kwa wiki au miezi, kwa wengine sehemu ndogo hubaki daima. Asubuhi ya baridi ya Njombe, mwenye ganzi huinua kikombe cha chai, akaungua mdomo asijue, na uji ukamtiririka kidevuni mpaka mwenzake amwonyeshe. Jiulize kama milimita zako 3 zinastahili hilo.

Kama kinachokusumbua ni kidevu peke yake na meno yanakutana vizuri, uliza kuhusu kusogeza kidevu tu. Huo kweli ni upasuaji mdogo zaidi, haugusi namna unavyouma, ingawa ganzi bado inawezekana.

Mvulana wa miaka 15 ambaye taya la chini linatangulia asikatwe bado, kwa sababu linaendelea kukua. Apigwe eksirei ya uso kwa upande mara mbili, zikipishana miezi 6 hadi 12, ili ionekane kama taya limeacha kukua, na picha zote mbili azitunze mwenyewe. Magego ya mwisho ya chini nayo yaulizwe mapema, kwani madaktari wengi hupenda yang'olewe miezi 6 kabla, ili mfupa ujae pale msumeno utakapopita.