Jamani sio kila kitu ni stresi

Siku hizi hapa Arusha kila mtu ana stresi. Konda kapewa noti imechanika, stresi. Binti kaachwa, stresi, timu imefungwa, stresi, mwenye marejesho ya mkopo wa kausha damu kesho asubuhi naye ana stresi, alafu yule baba ambaye hatoki ndani tangu mwezi juzi, haogi, hataki hata kuwaona wanae, huyo nae watu wanasema ni stresi tu zitaisha. Hapo ndo nashindwa kuvumilia kabisa.

Stresi kwa maana yake ni mwili unavyojibu mzigo uliotua juu yake. Daktari Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa anafanya utafiti Montreal kule Kanada, mwaka 1936 aliandika kwamba panya ukimtesa kwa baridi, kwa sumu au kwa kumchosha kupita kiasi, mwili wake unajibu kwa namna ile ile moja, tezi zilizo juu ya figo zinavimba na tumbo linapata vidonda. Baadae hali hiyo ndo akaiita stresi. Kwa binadamu tezi hizo hizo zinamwaga adrenalini na kortisoli, moyo unaenda mbio, viganja vinatoa jasho, usingizi unakata. Na sio mbaya muda wote, Selye mwenyewe alikuja kusema iko stresi nzuri, ile inayomfanya mwanafunzi akeshe na daftari siku moja kabla ya mtihani na kweli akafaulu.

Cha kushika hapa ni mzigo. Stresi ina mzigo unaoweza kuuonyesha kwa kidole, na ukiutua mwili unatulia. Rafiki yangu anaendesha magari ya watalii, mwezi wa nne na wa tano mvua inanyesha, wageni hamna, gari limepaki uani linaota kutu na shule wanadai ada. Anakuwa mkali hata kwa mkewe, usiku anageuka geuka kitandani. Ikifika Juni simu ya safari ikiita utamkuta anafuta vioo anapiga mluzi, kama sio yule. Hiyo ndo stresi, mpe kazi amepona.

Sasa kuna dada mmoja ana genge Ngarenaro. Biashara inaenda, watoto wanasoma, hadaiwi na mtu. Lakini unamkuta ameshika kisu na ndizi imemenywa nusu, anaiangalia tu, unasalimia mara mbili ndo anashtuka, alafu anakupimia mafungu bila hata kuhesabu hela yako. Chakula hakimpandi, kanisani kaacha kwenda, kwaya aliyokuwa anaipenda kaacha. Majirani wanamwambia dada hizo stresi, nenda nyumbani Rombo ukapumzike. Akaenda, akarudi vile vile, kwa sababu hakuna mzigo wa kutua. Hiyo dalili zake ni za sonona, na madaktari wakiona hali kama hiyo imemkaa mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi wanaichukulia kama ugonjwa, unaotibika kwa mazungumzo na mtaalamu na kwa dawa pale inapobidi.

Wasiwasi nao ni kitu kingine, maana mtu anaogopa jambo ambalo halijatokea na pengine halitatokea kabisa. Uchovu wa kazi vilevile, ule wa kuishiwa nguvu kabisa ambao wazungu wanauita burnout, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka kama hali inayotokana na kazi, sio ugonjwa. Na presha inapimwa kwa mashine bwana, mtu anaweza kuwa nayo huku anacheka na kula vizuri, kwahiyo kusema "hana stresi huyo hawezi kuwa na presha" ni kumdanganya.

Kinachoniuma zaidi ni kwa wanaume. Mwanaume akisema ana hali isiyoeleweka anaambiwa mwanangu stresi hizo, twende tukapige mbili tatu. Kwa mtu mwenye sonona pombe inazidisha, asubuhi anaamka chini zaidi ya alipokuwa jana, na wale washkaji wameshaondoka wanaamini wamemsaidia.

Hospitali za rufaa za mkoa kama Mount Meru hapa kwetu na Mawenzi kule Moshi wanahudumia afya ya akili, na KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya kanda hapo hapo Moshi, nayo ipo. Ukienda, au ukimpeleka mtu wako, usiishie kusema ana stresi. Sema halali tangu lini, anakula nini, kitu gani alikuwa anakipenda na sasa hakitaki. Na daktari akiuliza kama kuna wazo la kufa limeshamjia, hilo swali lisijibiwe kwa aibu wala kwa kumficha mama aliyekaa pembeni, lijibiwe kama lilivyo.