Programu Ionyeshe Utu Pale Mtu Anapokosea

Mwaka jana niliandika programu ndogo ya mstari wa amri kwa ajili ya dada mmoja anayeweka mahesabu ya magunia ya dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Unaipa faili la mwezi, inajumlisha magunia na kilo za kila boti, kisha inaandika jumla kwenye faili jingine. Niliiita `jumla`. Nilikaa naye jioni mbili nikamwonyesha namna ya kutumia terminali, lile dirisha la kuandikia amri, akaishika upesi kuliko wengi niliosoma nao chuo.

Wiki ya tatu akanipigia simu. "Kaka, faili la Oktoba limebaki jina tu."

Alikuwa ameandika jina lilelile pande zote mbili, faili la kusomwa na faili la kuandikiwa. Programu yangu ilitangulia kufungua la kuandikiwa kabla haijasoma chochote, na faili likifunguliwa hivyo hufutwa papo hapo hadi baiti 0. Baada ya hapo ikasoma faili tupu, ikajumlisha hewa, ikamaliza kimya na kurudisha 0, namba ambayo kwa desturi ya Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, ina maana kwamba kazi imekwenda salama. Bahati nzuri daftari la karatasi lilikuwepo. Tuliingiza mstari kwa mstari mpaka usiku, yeye akisoma na mimi nikiandika. Hakunilaumu hata kidogo, alisema, "Mimi ndiye niliyekosea kuandika." Maneno hayo yamenikaa moyoni kwa sababu si ya kweli. Aliyekosea ni mimi.

Sisi tunaoandika programu za terminali tuna imani ya chinichini kwamba anayefungua terminali ni fundi, na fundi atavumilia. Imani hiyo ina asili yake. Unix ilianza Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1969, watu wakifanya kazi kwenye mashine zinazochapa majibu kwenye karatasi. Mojawapo, Teletype Model 33, ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde, hivyo kila neno la ziada lilikula muda. Ndiyo maana mpaka leo `cp` na `mv`, amri za kunakili na kuhamisha faili, zikifaulu hazisemi kitu, na ndiyo maana `ed`, kihariri cha maandishi cha Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa Unix, kilijibu kosa lolote kwa alama moja: `?`.

Kimya cha kufaulu nakitetea kwa moyo wote. Matokeo ya programu moja huingia kwenye nyingine kwa paipu, yaani njia inayounganisha programu mbili, na maneno ya pongezi katikati yangeharibu data. Kimya cha kukosea sikikubali. Unix yenyewe ina mkondo wa pili kwa ajili ya makosa, ulio mbali na ule wa matokeo, kwa hiyo programu inaweza kumweleza mtu shida ilipo bila kuchafua paipu.

Nikaanza kurekebisha. Sasa `jumla` huandika kwanza kwenye faili la muda, na ikimaliza ndipo hulibadilisha jina. Ikikuta faili la matokeo lipo tayari, inakataa na kutaja opsheni, yaani neno la kuongeza kwenye amri, ya kutumia kama kweli unataka kuliandika upya. Wenzangu walishauri niweke swali, "Una uhakika?" Sikuliweka. Mtu aliyeulizwa swali hilo mara ishirini hubonyeza ndiyo kabla macho hayajafika mwisho wa sentensi.

Kisha nikaja kwenye ujumbe wenyewe. Zamani, kilo zikiandikwa 1,250 programu ilianguka na kumwaga mistari ya Kiingereza inayoishia na `ValueError`. Nikajiuliza kwa nini namkatalia mtu mkato ambao kila bei sokoni imeandikwa nao. Sasa programu inauondoa yenyewe na kuendelea. Lakini akiandika 1,25 inasimama, kwa sababu hapo kubahatisha ni kumwibia mtu kilo zake:

`Mstari wa 14, kilo: nimekuta 1,25. Ni 125 au 1,250? Sahihisha mstari huo kisha uniendeshe tena. Faili lako halijaguswa.`

Sentensi ile ya mwisho ndiyo niliyoifikiria kuliko zote. Mtu aliyekwisha kupoteza data, akiona kosa, jambo la kwanza analotaka kujua ni kama vitu vyake vipo.

Saa ndizo zilizonisumbua zaidi, na humo ndimo nilimojifunza. Daftari lake lina 12:30, na chini yake 1:15. Kwake yeye na kwa kila mtu pale Mwaloni hiyo ni saa 12 na nusu asubuhi, kisha saa 1 na robo. Programu ikaiweka ya kwanza adhuhuri na ya pili usiku wa manane, na mpangilio wa boti ukapinduka. Hakukuwa na kosa lolote kwenye daftari. Nilichukua saa za maktaba ya programu, msimbo ulioandikwa tayari na wengine, bila kufikiri, nikasahau saa za mama yangu mzazi. Sasa `jumla` inapokea "2 asubuhi" na kuielewa kuwa 08:00, na saa isiyotajiwa asubuhi, mchana, jioni au usiku inarudishwa kwa swali. Mifano ya hayo ndiyo ya kwanza kwenye `--msaada`, yaani maelekezo ya programu, juu ya orodha ya opsheni, maana watu husoma mifano.

Limebaki moja. Boti ikifika saa 9 usiku wa kuamkia Jumatano, yeye huiandika kwenye ukurasa wa Jumanne kwa sababu hakujapambazuka. Kompyuta inaihesabu Jumatano tangu saa 6 usiku. Nilitaka kumwelekeza afuate kompyuta. Akaniuliza, "Kwani kaka, wewe siku yako inaanza umelala?" Nimeanza kuandika upya sehemu hiyo, siku ianze saa 12 asubuhi.