Mgeni Njoo, Upande Ngazi

Jamani, wenyeji wangu hapa Utrecht ni watu wema mno, na huo wema wao utanirudisha Mbagala nikiwa nimebebwa.

Shuleni tulifundishwa Uholanzi ni nchi tambarare. Ni kweli, tambarare kama chapati. Tangu nishuke uwanja wa ndege wa Schiphol sijaona kilima cha kumchosha hata mbuzi. Nahisi wenyewe waliona aibu kukosa milima, ndipo wakajenga ngazi.

Nyumbani kwenyewe nimepewa chumba cha juu kabisa, chini ya paa, kwa heshima. Shuka zimepigwa pasi, maua mezani. Choo kiko chini. Ngazi imesimama wima, na kila kidato hakitoshi hata nusu ya kiatu changu. Usiku nashuka kinyumenyume, nimekumbatia mhimili, kama mgema na kibuyu chake. Tofauti ni kwamba kibuyu kilichojaa ni mimi.

Mzee wa nyumba aliwahi kufundisha useremala Moshi miaka ya 80, kwa hiyo Kiswahili anacho cha kuombea maji. Mdomoni "pole pole" haimbanduki. Miguuni haijawahi kumfika.

Juzi tukaenda Amsterdam. Nyumba za kando ya mifereji ni nyembamba, na juu karibu na paa pametokeza boriti lenye ndoano. Mzee akanieleza kwamba ngazi za ndani ni finyu, basi makochi na makabati hufungwa kamba, yakavutwa kutokea nje na kuingizwa dirishani. Nikamwuliza, na wageni je? Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.

Baiskeli nayo wameniazima. Haina breki za mkononi. Ukitaka kusimama unakanyaga pedali kurudi nyuma. Nani kaniambia? Vidole vikapapasa usukani hadi nikajikuta ndani ya ua wa jirani, nimekumbatiana na michongoma. Jirani mwenyewe muungwana, kanipa pole na kunikaribisha kahawa. Ghorofani.

Jana ikawa zamu ya Domtoren. Mnara wa mita 112, ngazi 465, zinazunguka kama gamba la konokono. Mama mwenye nyumba, na miaka yake 70, katangulia huku anapiga soga. Mimi kufika ya 200 nilikuwa nimeshawasamehe wote ninaowadai. Huko juu mzee akanionesha uwanja ulio kati ya mnara na kanisa. Kumbe zamani vilikuwa jengo moja, mwaka 1674 ikaja dhoruba, ikaangusha sehemu ya katikati. Dhoruba nzima, na mnara ikauacha!

Tulipotelemka magoti yalikuwa yanacheza mdundiko. Chakula cha mchana, mkate na jibini. Cha moto kinasubiri saa kumi na mbili jioni, na mimi tumbo langu bado liko saa za ugali.

Usiku mama kaniletea beseni la maji ya moto yenye chumvi nitie miguu. Kalibeba mwenyewe hadi chini ya paa, bila kumwaga hata tone. Nikajikaza, nikawaomba kesho tupumzike. Wakatazamana, wakakubali mara moja. Kesho twende Delft, mji mdogo, umetulia. Kuna kanisa la Nieuwe Kerk na mnara wake.

"Ngazi 376 tu," mzee kaniambia, akinipigapiga begani. "Pole pole."