AC inaanzia kwenye ramani ya nyumba

Kila Januari, joto la Dar es Salaam likikolea, malalamiko ni yale yale: uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zinakimbia. Lawama zote huenda kwenye bei ya umeme. Mimi naona tunaziachia nyumba zetu bila kuziuliza chochote.

Tazama tunavyojenga. Bati la rangi ya kukolea, chini yake dari ya jipsamu, na katikati hewa ya moto isiyo na pa kutokea. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua yote, nusu inabaki kioo. Mengine yanatazama magharibi bila kivuli chochote. Ikifika saa kumi jioni chumba kinachemka, ndipo tunawasha AC iondoe joto tulilolikaribisha wenyewe. Wazee wa Unguja na Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na dari za juu, upepo ukapata pa kupita. Umeme hawakuwa nao, lakini jua walilijua.

Piga hesabu. Feni ya dari ya wati 75 ikizunguka kwa muda wa saa kumi haimalizi hata uniti moja, yaani wati 1,000 kwa saa moja. AC ya kawaida ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) huvuta kilowati moja hivi kompresa, pampu yake ya kupoza, ikiwa kazini, na chini ya dari yenye moto kompresa haipumziki. Ikiwaka kwa muda wa saa nane usiku, uniti nane hivi zimekwenda. Ya inveta ina nafuu kwa sababu chumba kikipoa kompresa yake hupunguza mwendo. Kama unanunua, nunua hiyo, ingawa ni ghali. Ila ukiifunga kwenye chumba kisichopoa, nayo itakimbia usiku kucha.

Mwenye fedha kidogo ningemwambia aanze juu: matundu ya wavu pembeni mwa paa, rangi nyeupe kwenye bati, kivuli nje ya dirisha la magharibi. AC aliyonayo aoshe chujio lake, aiweke nyuzi 25 na feni izunguke. Kuiweka 18 hakuipi AC ya kawaida haraka yoyote. Kunaichelewesha tu kuzima.

Wanaoniuma zaidi ni wapangaji. Bati na madirisha alichagua mwenye nyumba, LUKU wananunua wao. Halmashauri zinapopitisha ramani huuliza choo kiko wapi. Ziulize pia hewa ya moto itatokea wapi.