Kabla hujatupa wembe wa kisu cha gurudumu

Wanaoshona mifarishi ya viraka, mikoba na mapambo ya vitenge hapa Mwanza wana lalamiko moja: nyembe za kisu cha gurudumu zinaisha haraka, ni ghali, na kuzipata mpaka uagize. Lalamiko la bei nalikubali. La kuisha haraka silikubali. Nyembe nyingi zinazotupwa hazijaisha. Zimejaa vumbi la pamba, zimebanwa kupita kiasi, au zina pengo dogo sehemu moja. Na zile zilizokufa kweli, nyingi hazikuuawa na kitambaa. Ziliuawa na meza, mchanga na pini.

Kwa asiyekifahamu, kisu hiki kina mpini na wembe wa mviringo unaobingirika juu ya kitambaa, ukiuongoza kwa rula nene. Kilianzia Japani, kampuni ya OLFA ikakitoa mwaka 1979, na leo chapa ni nyingi. Vipimo vya kawaida ni milimita 18, 28, 45 na 60. Hapa naongelea zaidi wa 45, ndio ulio mikononi mwa wengi.

Anza na kipimo kabla ya kununua chochote. Chukua kitenge cha pamba safu mbili, ukate mstari mmoja wa kama nusu mita bila kuinua mkono. Tenganisha taratibu, utazame nyuzi zimegoma wapi. Zikigoma kwa mpangilio, kila baada ya sentimita 14, wembe una pengo, kwa sababu mzingo wa wembe wa milimita 45 ni milimita 141 na pengo lile lile linarudi chini kila mzunguko. Kwa wembe wa 60 utaona kila sentimita 19 hivi. Kwa wa 28, karibu 9. Zikigoma mahali pamoja tu hata ukikata mara ya pili, mwenye kosa ni mkeka wa kukatia, ule wa plastiki unaotandikwa chini ya kitambaa: pale pana mfereji, kitambaa kinazamishwa ndani badala ya kukatwa. Zikigoma mstari mzima, ama wembe umekuwa butu ama hauzunguki. Haya ni magonjwa tofauti, na wembe mpya unatibu mawili tu: pengo na ubutu.

Usipozunguka, fungua. Nati, washa, wembe, mpini, bolti: vipange mezani kwa mfuatano uliovitoa, na kama ni mara ya kwanza piga picha kwa simu, maana washa nyingi zimepinda kidogo na zikirudishwa kinyume wembe unabanwa au unayumba. Nyuma ya wembe utakuta vumbi la pamba limeshikana na mafuta ya zamani mpaka limekuwa kama kipande cha feliti. Hilo ndilo linaloufanya wembe uburuzwe badala ya kubingirika. Futa kwa kitambaa laini ukianzia katikati kuelekea nje, usipite kamwe ukielekea kwenye makali kwa kidole kitupu. Tia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande, kisha futa tena mpaka kitambaa kibaki kikavu, la sivyo mkato wa kwanza utaacha doa kwenye kitenge cheupe. Mafuta ya kula usiyaguse. Yakikaa yanageuka utomvu na kukusanya vumbi zaidi. Ukishona kila siku, fanya hivi walau mara moja kwa wiki, na mara nyingi zaidi ukikata flaneli au taulo.

Nati ndiyo inayoharibu nyembe kimya kimya. Watu huikaza kwa nguvu zote wakidhani ni usalama. Wembe uliobanwa hivyo unakokotwa, na sehemu moja ya makali inasagika peke yake mpaka duara linakuwa na ubapa. Ikilegea nayo, wembe unayumba na kupanda juu ya rula, na rula ikishapigwa meno haitanyooka tena. Kaza mpaka wembe usimame, kisha rudisha nyuma kidogo kidogo mpaka ubingirike ukiusukuma juu ya kitambaa bila kucheza kushoto na kulia. Ukimaliza kazi hakikisha kinga imefunika makali.

Sasa meza, na hapa ndipo pesa nyingi inapotelea. Mtu ananunua kisu, ananunua nyembe, halafu anaona mkeka wa kukatia ni anasa, anakatia juu ya vigae vya sakafu. Kigae na kioo vinaua makali kwa mkato mmoja. Hakuna wembe wa chapa yoyote utakaopona. Mbao za plaiwudi haziui papo hapo, ila wembe unafuata mkondo wa nyuzi za mti na mstari unapinda. Kadibodi inaonekana laini, kumbe karatasi ina madini yaliyochanganywa wakati wa kuitengeneza, nayo yanasaga makali polepole. Lino la sakafuni linavumilia siku za mwanzo, halafu mifereji inabaki wazi. Mkeka halisi, ule wa plastiki unaojifunga baada ya kukatwa, wenye ukubwa wa kama sentimita 60 kwa 45, ndio unaofanya wembe udumu. Kama mfuko unaruhusu kitu kimoja mwezi huu, nunua mkeka, na wembe wa zamani uendelee nao.

Ukishakuwa nao, usiukatie mstari ule ule kila siku kwa sababu tu pana alama nzuri. Ugeuze, uzungushe, tumia pembe zote. Nyuzi zilizonasa kwenye mikwaruzo zitoe kwa brashi laini na maji ya baridi yenye sabuni kidogo. Maji ya moto hapana, pasi juu yake hapana, na usiuache chini ya bati mchana wa jua au kwenye kiti cha gari: ukijikunja kwa joto haunyooki, na mkeka uliovimba katikati unaukatisha wembe nusu nusu. Uhifadhi umelala.

Rula ya chuma ni adui mwingine. Kila wembe unapoigusa, makali yanapungua. Ya shuleni ya plastiki ni nyembamba, wembe unaipanda na kidole kiko hapo hapo. Inayofaa ni ya akriliki ya milimita 3, na si lazima uiagize nje. Mafundi wa mabango mjini wanakata akriliki. Waombe kipande cha sentimita 15 kwa 60, kingo zilainishwe, halafu kipime kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo viwili lazima vilingane, kwenye sentimita 61.8 na ushee. Visipolingana kipande kimekaa upogo, kirudishe kabla hujalipa.

Kitambaa chenyewe ni rafiki wa wembe kikiwa safi. Shida ya kwetu ni mchanga. Vitambaa vilivyofuliwa ziwani na kuanikwa juu ya mawe, au mabaki ya vitenge yaliyookotwa chini ya meza ya fundi kwenye baraza, yanabeba chembe za graniti iliyosagika, na madini ya kwatzi yaliyomo ni magumu kiasi cha kukwaruza chuma cha wembe. Ukiyapitisha wembe hivyo hivyo, umeunoa kinyumenyume. Kung'uta nje, fua kwa maji safi, anika kwenye kamba, piga pasi. Kufua kunapunguza na ule ukakamavu wa dukani wa kitenge kipya, na pasi inaondoa mikunjo inayofanya safu zipishane. Halafu papasa kwa kiganja kizima kutafuta pini. Mabaki ya fundi hayakosi pini.

Jinzi za mitumba kutoka soko la Mlango Mmoja zinatoa viraka vizuri sana, lakini usizikate nzima nzima. Toa kwanza zipu, vifungo, vile vijiti vya shaba vya mifukoni na mishono yote minene kwa mkasi, ubaki na vipande bapa, ndipo wembe uingie, safu moja au mbili. Poliesta inachosha makali haraka kuliko pamba, kwa hiyo mashuka ya mchanganyiko na sponji nyembamba ya kujazia ndani yape mkasi. Mkasi una heshima yake: mwenye baiskeli ya kunoa visu anaurudisha kazini kwa hela ndogo. Wembe wa mviringo usimpelekee. Una unene wa milimita 0.3 hivi, na jiwe linalozunguka kwa kasi linauchemsha mpaka chuma kinapoteza ugumu.

Kuna akiba ambayo haimo kwenye wembe kabisa, imo kwenye namna ya kukunja. Chukua kitenge cha yadi 6, karibu mita 5.5, upana sentimita 115. Ukikikata mikanda ya sentimita 6.5 unapata mikanda 84. Ukikunja kwa upana ukapata safu mbili, kila mkato unatembea sentimita 57.5, jumla wembe umetembea mita 48. Ukikunja ukapata safu nne, kila mkato ni sentimita 29 na jumla ni mita 24. Kazi ile ile, nusu ya mwendo. Wembe wa 45 ulio mkali unapita safu 4 za kitenge bila kukandamizwa. Zaidi ya hapo mpe wa 60. Tahadhari ni moja: mkunjo lazima uwe sawa na rula, pembe mraba, vinginevyo mkanda ukifunguliwa unatoka umevunjika kama herufi V kwenye kila mkunjo, na hapo umeokoa wembe ukatupa kitenge. Na ukiunganisha mikanda kwa cherehani kwanza, ndipo ukate vipande vya mraba vilivyokwisha kushonwa, unapunguza mikato tena.

Mkono nao. Anayekandamiza sana anachimba mkeka na kusaga makali. Kisu kisimame wima upande wa rula, kikilala wembe unakwaruza. Sukuma mbele kwa mkupuo mmoja, usipeleke na kurudisha kama unayekata ubao. Kikidondoka sakafuni bila kinga, kagua kwa kipimo cha sentimita 14 kabla hujaendelea.

Kunoa nyumbani? Watu wanashauriana kukata foili ya alumini iliyokunjwa mara kadhaa. Maoni yangu: inasafisha makali na pengine kuyanyoosha kidogo, kwa hiyo unahisi nafuu ya muda mfupi. Alumini ni laini kuliko chuma cha wembe, haiwezi kukichonga upya, na pengo haliondoki. Vifaa vidogo vya kunolea wembe wa mviringo vipo, vinafanya kazi kwa ubutu wa kawaida, mara moja au mbili kwa kila wembe, ila gharama ya kuagiza kimoja inalipa tu kama mnakitumia watu kadhaa. Kuzungusha wembe juu ya msasa wa maji kwa vidole siwashauri. Nyembe ni ghali, lakini si ghali kuliko kidole. Kuugeuza wembe upande wa pili pia hakuleti makali mapya, kwa kuwa umechongwa pande zote mbili.

Kinacholipa zaidi ni kuzipa nyembe madaraja. Mpya ni ya kitenge na pamba pekee. Ikianza kugoma, inashuka kwenye jinzi na vitambaa vizito vya safu moja. Yenye pengo inakata karatasi za patroni, plastiki na mabaki ya kujazia mito. Weka alama kwa kalamu ya rangi katikati ya wembe, karibu na tundu, nukta moja, mbili au tatu, usichanganye. Kisu cha pili cha bei nafuu kwa ajili ya karatasi si ufujaji; kinaokoa kufungua nati kila saa, na kinamzuia mtu wa nyumbani kuazima kile kizuri akate kadi za harusi.

Wakati wa kununua ukifika, nunueni kwa kikundi. Pakiti ya 10 kwa kawaida inashusha bei ya wembe mmoja, na nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam inagawanyika. Chapa tofauti za milimita 45 mara nyingi zinaingiliana, lakini beba wembe wa zamani, uuweke juu ya mpya utazame mwangani kama tundu la katikati na duara la nje vinafuatana. Za bei ya chini sana zijaribu moja kabla ya kuchukua pakiti nzima: nyingine zinakuja na pengo tangu kiwandani, na kile kipimo cha mkato mmoja kitakuambia. Angalia pia usifunge mbili kwa mpigo. Zinakuja zimeshikana kwa mafuta, mtu anaweka mbili bila kujua, kisu kinakata vibaya, anaziondoa zote mbili na kusema pakiti ni mbovu.

Zilizobaki zikae kwenye kasha lake na mafuta yake, mbali na dirisha linaloelekea ziwani, hasa masika. Kutu ikishika makali, huo wembe umeshuka daraja kabla haujafanya kazi.

Na zilizokwisha kabisa ziingie kwenye kopo la bati la maziwa ya unga lenye mfuniko uliotobolewa mstari mwembamba. Likijaa, funga mfuniko kwa gamtepu mizunguko kadhaa na uandike juu yake NYEMBE, ili mzoa taka asitie mkono.