eIF5A ya hamira: ni kwa ajili ya prolini tu?

Hamira inayoumua unga wa mahamri ya Lamu ina protini ndogo iitwayo eIF5A, na ikiikosa hufa. Hilo halina ubishi. Ubishi ni juu ya kazi yake, na mwenzangu anayefundisha biolojia Malindi tumevutana sana barazani Mkunguni.

Yeye anashikilia kuwa kazi hiyo ni finyu. Ribosomu, zinazounganisha asidi amino kuwa protini, hukwama zikikuta prolini (mojawapo ya asidi amino hizo) tatu mfululizo, maana prolini huungana polepole. eIF5A ndiyo huzikwamua. Majaribio ya 2013 kwenye hamira yalilithibitisha hilo. Tena ana hoja kali: mwaka 1994, hamira iliponyimwa eIF5A, utengenezaji wa protini ulishuka kwa takriban asilimia 30 tu. Ingekuwa inahitajika kila mahali, anauliza, mbona kazi haikusimama?

Swali la haki kabisa. Mimi naona kazi yake ni pana, na naanzia mbali kidogo. Tangu miaka ya 1970 ilidhaniwa kwamba eIF5A husaidia ribosomu kuanza kazi. Kama ndivyo, ukiiondoa, ribosomu zilizokwisha kupanda kwenye uzi wa mRNA, nakala ya maelekezo ya jeni, zingemaliza safari na kushuka, na mpya zisipande. Uzi ungebaki mtupu. Mwaka 2009 ikaonekana kinyume chake: ribosomu zilibaki zimepangana kwenye uzi, zikisonga polepole. Jaribio hilo nalipenda mno. Kisha 2017, zilipofuatiliwa kodoni kwa kodoni (kodoni ni herufi tatu za mRNA zinazotaja asidi amino moja au kikomo), zilikutwa zikikwama hata pasipo na prolini, mpaka kwenye kodoni ya kikomo. Ile asilimia 30 naona inaelezeka: kwa kawaida hatua ya kuanza ndiyo inayoamua kasi, kwa hiyo ucheleweshaji wa katikati hauonekani wote kwenye jumla.

Hata hivyo, kwenye prolini ndiko kukwama kunakotisha zaidi, na hapo simpingi.

Haya si mambo ya maabara peke yake. Mwaka 2021 ilielezwa hali ya watoto waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya eIF5A, wanaochelewa kukua kiakili. Hamira iliyokosa eIF5A yake huishi kwa ile ya binadamu, kwa hiyo hitilafu zenyewe zilipimwa ndani ya hamira. Anayeamini ni prolini tu atazichunguza protini zenye prolini nyingi, na chanzo cha ugonjwa wa watoto hao huenda kiko kwenye protini nyingine kabisa.